Ndizi za Kima

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Msomaji mpenzi, unaponiona kwenye gwaride la asubuhi nikiwa na sweta safi na viatu vinavyong'aa, usidhani nimetoka katika jumba la kifahari. Tangu nijiunge na kidato cha kwanza, karo yangu ililipwa na kima. Naam, kima wa City Park, pale Parklands, Nairobi. Tulia nikusimulie.

City Park ni msitu mdogo wa ekari 150 hivi, uliobanwa na mji pande zote. Nje, matatu zinapiga honi katika barabara ya Limuru. Ukipiga hatua chache ndani, kelele zinafifia na unasikia majani. Mna miti ya asili iliyokuwapo kabla ya mji huu: muhuhu, ambao mbao zake ngumu hupendwa na wachongaji, mutamaiyu, yaani mzeituni wa mwituni, na murarachi wenye maua ya waridi. Kuna pia muthiga. Gome lake huwasha ulimi kama pilipili, nao wazee hulitafuna jino linapowauma. Ukiinua macho utamwona shorobo, ndege wa kijani ambaye hufunua mabawa mekundu anaporuka, ungedhani amewasha moto.

Humo ndimo alimozikwa Pio Gama Pinto, mpigania uhuru aliyeuawa mwaka wa 1965. Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais wa Kenya, alitaka alazwe karibu na rafiki yake huyo, na alipofariki mwaka wa 1990 akazikwa hapo. Mwaka wa 2009 bustani hii ilitangazwa rasmi kuwa turathi ya taifa.

Lakini wageni wengi hawaji kwa ajili ya makaburi wala miti. Huja kwa ajili ya kima. Wengine huwaita nyani, kumbe wamekosea. Kima ana mgongo wenye wekundu na koo jeupe kana kwamba amefungwa kitambaa. Mama yangu aliketi kando ya njia na beseni la ndizi na njugu. Ndizi moja, shilingi kumi. Mtoto ananunua, anainyoosha, kima anashuka mtini na kuichukua kwa vidole kama mtu. Watu wanacheka, mama anapata unga, nami napata karo. Sikuona ubaya wowote.

Nilipokuwa kidato cha pili, mwalimu wetu wa Biolojia alitupeleka huko huko. Haki ya nani, tumbo lilinikata tangu tulipopanda basi! Mwalimu alitusimamisha chini ya muhuhu, akatueleza kuwa kima hula matunda, majani, maua na wadudu. Akasema huweka matunda katika vifuko vya mashavu, huenda nayo mbali na kutema mbegu, na hivyo msitu unajipanda wenyewe. "Sasa," akasema, "kima anayeshiba ndizi za wageni atatafuta matunda ya msitu kwa nini? Akizoea kupewa, siku asipopewa atanyang'anya. Ndipo watoto wanaumwa, na watu wanasema kima ni mbaya, wafukuzwe."

Mmoja wetu akaonyesha kwa kidole. "Kama yule mathe pale! Si ndiye anawaharibu?"

Darasa zima liligeuka. Yule mathe alikuwa mama yangu, na leso yake ya samawati niliyoizoea. Aliniona. Alianza kuinua mkono, kisha akaona wenzangu wanavyomtazama, akaushusha na kujifanya anapanga ndizi. Nami je? Niliinama nikafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Jioni hiyo nilimkuta jikoni. Nilitarajia anigombeze. Hakusema lolote, akanipakulia ugali na sukuma wiki. Nikashindwa kumeza. Nikamwambia, "Mama, nisamehe." Kisha nikamweleza yote aliyosema mwalimu.

Akanisikiliza hadi mwisho. "Mwanangu," akasema, "nikiacha ndizi, utakula muthiga?"

Sikuwa na jibu, na hadi leo sijui kama lipo jibu rahisi. Lakini baada ya kimya kirefu aliongeza jambo ambalo halikuwa limenipitia akilini. Alisema kuwa yeye amewajua kima wale miaka mingi kuliko mwalimu, na kwamba zamani walikuwa wakikaa juu mitini, sasa wanamsubiri yeye chini tangu alfajiri. "Nilidhani wananipenda," akasema.

Muhula uliofuata mama alihamia nje ya lango na jiko la makaa. Akaanza kuuza mahindi ya kuchoma na chai. Sitakudanganya, msomaji: miezi ya kwanza ilikuwa migumu, na mara mbili nilirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Wauzaji wengine wa ndizi wangali pale, nao siwalaumu, kwani nao wana watoto. Ila kila mgeni anayesimama kununua hindi huelezwa na mama, bila malipo, kwa nini kima aachiwe matunda yake. Husema hivyo kwa fahari kama mwalimu mkuu.

Ninaandika haya kwa sababu wengi mlikuwa katika basi lile. Yule mathe mliyemcheka ni mama yangu mzazi. Mkipita pale Jumapili, mwamkieni, mnunue mahindi, myale wenyewe. Nami nimejifunza kwamba mkataa kwao ni mtumwa, na siku ile chini ya muhuhu nilikuwa mtumwa kwa dakika nzima.