KUFICHA NA KUSITIRI

 Nakuandikia wewe uliye Kisii mjini, Suneka, Ogembo, Keroka, Nyamira au Nyansiongo, na wewe uliye mbali kikazi. Neno letu la leo ni Zaburi 32, mstari wa 1 hadi wa 5. Fungua Biblia yako usome kwanza, halafu urudi hapa. Leo nitakuwa mrefu kidogo, nivumilie.

Baadhi yenu mmeniuliza kuhusu ile filamu ya Ashley Madison, ya sehemu tatu, ambayo Netflix waliitoa Mei 2024. Vijana wameitazama, wazee wamesimuliwa. Swali mnaloniuliza ni, "Mchungaji, unasemaje?" Nitasema. Lakini kwanza tuelewe kilichotokea, kwa sababu wengi wanaijadili bila kuijua.

Ashley Madison ni mtandao ulioanzia Kanada mapema miaka ya 2000. Kazi yake ilikuwa moja: kumtafutia mtu aliyeoa au kuolewa mpango wa kando. Hawakuona haya. Tangazo lao liliwaambia watu kwamba maisha ni mafupi, basi toka nje ya ndoa. Wakaahidi siri kamili, na kwenye ukurasa wao wakabandika nembo ya tuzo ya usalama. Ofisi za faragha za Kanada na Australia zilipochunguza, ripoti yao ya Agosti 2016 ilionyesha kwamba tuzo hiyo haikuwepo. Kampuni ilijitengenezea nembo yenyewe.

Julai 2015, wadukuzi waliojiita Impact Team waliingia kwenye kompyuta za kampuni na kudai mtandao ufungwe. Haukufungwa. Tarehe 18 Agosti wakamwaga kila kitu hadharani. Akaunti zipatazo milioni 36. Majina, anwani za barua pepe, malipo ya kadi, hata tamaa ambazo mtu aliziandika akidhani anasoma yeye na mwenzake tu. Kabla ya mwezi kuisha, mkurugenzi mkuu, Noel Biderman, alikuwa ameondoka.

Lakini kilichonikamata mimi ni dola 19.

Mtandao ule ulikuwa na huduma ya kufutwa kabisa. Mtu akijuta, au akiogopa, analipa dola 19 na kuahidiwa kwamba hakutabaki alama yake. Watu walilipa. Wakalala usingizi. Data ilipomwagwa, taarifa za watu waliolipa wafutwe zilikutwa bado ziko humo.

Mpendwa, soma hapo mara mbili. Walilipia kufutwa, na hawakufutwa.

Usicheke Wazungu. Hapa kwetu hatulipi dola 19, lakini tuna kufuta kwetu. Meseji ya WhatsApp inafutwa kabla ya kuingia nyumbani. Nambari ya mwanamke inaandikwa "Fundi wa Mabati", ya mwanamume inaandikwa "Mama Mboga". Simu inawekwa kifudifudi mezani wakati wa chakula, na ikilia mtu anatoka nje akisema mtandao ni mbaya. Na hapa wala hauhitaji mdukuzi. Keroka imeketi kwenye mpaka wa kaunti zetu mbili. Toka gesti asubuhi pale, utakutana na binamu ya mkeo ameshika mkungu wa ndizi. Ujumbe wa M-Pesa unaweza kuufuta kwenye simu, lakini rekodi ya muamala imebaki kwa wenye mtambo.

Wanaume, nataka niongee nasi kwanza. Ile orodha ilikuwa ya wanaume kwa sehemu kubwa sana. Na mara nyingi hawakuwa wakizungumza na mwanamke yeyote! Kampuni ilitengeneza wanawake bandia, na programu za kompyuta zikawaandikia wanaume maneno matamu ili walipe ndipo wajibu. Mtu aliihatarisha nyumba yake kwa ajili ya mashine. Desemba 2016 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 1.6 kumaliza kesi iliyoletwa na Tume ya Biashara ya Marekani pamoja na majimbo kadhaa, na wanawake hao bandia walikuwa sehemu ya mashtaka.

Sisi Abagusii tunalijua neno amasangia. Wazee waliamini kwamba mke akitoka nje ya ndoa, halafu mume akaumwa au akajikata, mke huyo akimkaribia, mume anaweza kufa. Hofu hiyo ililinda nyumba nyingi. Lakini angalia ilimwekwa nani. Ilimwekwa mke. Mume mwenye mambo yake nje hakuogopa kwamba mkewe mgonjwa atakufa akiingia chumbani.

Nenda sasa Yohana 8. Wanaume walimleta mwanamke aliyefumaniwa. Sheria ya Mambo ya Walawi 20:10 iliwahukumu wote wawili, mwanamume na mwanamke. Je, yule mwanamume alikuwa wapi? Hakuletwa. Basi Agosti 2015 wanaume ndio walioletwa katikati ya uwanja, kwa mamilioni. Mungu hana amasangia ya upande mmoja.

Sasa tufike kwenye Zaburi yetu.

Chuoni tulifundishwa kufuatilia neno la Kiebrania kasah, maana yake kufunika. Katika Zaburi 32:1 Daudi anamwita heri mtu ambaye kosa lake limefunikwa. Katika mstari wa 5 anasema yeye hakuufunika uovu wake. Na Mithali 28:13 inasema anayezifunika dhambi zake hatafanikiwa. Ni neno hilo hilo mahali pote patatu! Biblia yetu ya Kiswahili imelitafsiri kwa maneno mawili, na nadhani watafsiri walipata hekima: mahali pengine kusitiri, mahali pengine kuficha.

Umeona tofauti? Mimi nikiifunika dhambi yangu, hiyo ni kuficha. Mungu akiifunika, hiyo ni kusitiri. Kuficha ni kutupa blanketi juu ya kidonda kinachooza. Kusitiri ni kidonda kuoshwa na kufungwa na daktari. Kwa nje vyote viwili vimefunikwa. Ndani, kimoja kinaua na kingine kinapona. Daudi anasema alipokaa kimya mifupa yake ilichakaa. Alimwua Uria ili kufuta ushahidi, na bado Nathani alikuja mlangoni.

Na utaratibu wa Zaburi ni huu: anayeacha kufunika ndiye anayefunikwa na Bwana. Huwezi kupata vyote viwili. Dola 19 zilinunua kuficha. Kusitiriwa hakuuzwi.

Lakini jihadhari na toba ya nusu. Katika filamu ile kuna Sam na Nia Rader, Wakristo wa Marekani waliojulikana YouTube kwa video za familia yao. Jina la Sam lilipoonekana mwaka 2015, alitoka na video akasema alifungua akaunti tu, hakukutana na mtu, na amekwisha kusamehewa. Miaka baadaye alikiri kwamba hakuwa amesema ukweli wote. Fikiria mke amesamehe nusu, halafu anaambiwa kuna nusu nyingine. Mwenzio anaweza kubeba ukweli mzito mara moja. Kinachomvunja ni kuuletewa kijiko kwa kijiko.

Sasa naandika jambo ambalo halijaniacha. Siku sita baada ya data kumwagwa, mtumishi mmoja wa Mungu, mchungaji na mwalimu katika seminari ya Kibaptisti huko New Orleans, alijiua. Jina lake lilikuwa kwenye orodha. Mkewe amezungumza hadharani kuhusu hilo, na katika filamu anaonekana. Ni mwanamke aliyekuwa tayari kusamehe, lakini hakupewa nafasi hiyo.

Mtu huyo alikuwa amewafundisha wengine neema. Aliijua Zaburi 32. Lakini siku yake ilipofika aliona aibu tu, hakuona mlango. Mimi ni mchungaji pia, na najiuliza: je, kanisani kwetu kuna mlango huo? Mzee wa kanisa akianguka leo, ana mtu mmoja wa kumwambia kabla hajaumbuka, ambaye hatalipeleka kwenye kikundi cha WhatsApp cha akina baba kabla ya saa sita mchana?

Orodha ilipotoka, watu wengi walikimbilia kutafuta majina ya majirani. Wengine waliwadai pesa waliokuwa humo, wakiwatisha kuwaambia wake zao. Kanisa lisifanane na hao. Soma Mathayo 1:19. Yusufu alidhani ana sababu ya kumwaibisha Mariamu, na aliitwa mwenye haki kwa sababu hakutaka kufanya hivyo.

Nisieleweke vibaya. Kusitiri si kuficha uhalifu. Kama kuna mtoto aliyedhulumiwa, au mtu aliyelazimishwa au kupigwa, hilo linakwenda polisi na hospitali, na mchungaji asiyelipeleka ni mshiriki. Hapa naongea juu ya wawili waliokula kiapo na mmoja akakivunja.

Basi, wewe unayesoma na moyo unadunda, nakusihi mambo machache. Kata uhusiano huo leo, usingoje mwisho wa mwezi. Mwambie Mungu kwa jina la dhambi yenyewe, usiseme "udhaifu". Tafuta mtu mmoja mkomavu akusindikize kumwambia mwenzio ukweli wote, tena mkiwa mmeketi, watoto wakiwa hawapo. Nendeni kituo cha afya mkapimwe wote wawili. Upendo unaokataa kipimo ni maneno. Usimwombe mwenzio akusamehe kabla ya jioni. Toba yako ina haraka, kidonda chake hakina.

Wewe uliyedhulumiwa, si kosa lako. Usikubali mtu yeyote, hata awe na kola ya uchungaji, akuharakishe. Kusamehe ni amri, kuaminiana tena kunajengwa, na kuna nyumba ambazo hazijajengeka tena. Mungu hakuachi hapo.

Na wewe ambaye jambo lako limeshajulikana, na usiku huu unawaza kwamba nyumba yako ingekuwa afadhali bila wewe. Huo ni uongo wa adui. Usikae peke yako. Piga simu kwa ndugu, nenda hospitali, nipigie mimi saa yoyote. Washirika mnayo nambari yangu. Aibu hupita. Watoto wako wanahitaji baba aliyetubu, wanahitaji mama aliyetubu. Hawahitaji kaburi.

Tuombe. Baba, tunazijua siri zetu na wewe unazijua zaidi. Tupe ujasiri wa kuacha kuzifunika, ili utufunike wewe. Linda ndoa za Kisii na Nyamira, na za watu wetu walio mbali. Wape waliojeruhiwa faraja isiyo ya haraka. Lifanye kanisa lako liwe mahali ambapo mtu anaweza kusema kabla hajafumaniwa. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.

Ukihitaji maombi usiandike siri yako hapa chini. Andika tu "Niombee", nami nitakutafuta. Jumapili tunaendelea na Zaburi 51. Njooni wanandoa pamoja, na mbarikiwe.