Harvard na Mabomu ya Nyandarua

Kati ya ndege za mafunzo ya kijeshi zilizosalia kutoka enzi za Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, mojawapo inayobishaniwa sana na wapenzi wake ni ile iliyoundwa na kampuni ya North American Aviation ya Marekani, ambayo Waingereza waliiita Harvard, jeshi la nchi kavu la Marekani likaiita AT-6 Texan, na jeshi la majini la nchi hiyohiyo likaiita SNJ. Asili yake ni ndege ya majaribio ya NA-16, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwezi Aprili 1935, na katika uzao wake zilitengenezwa ndege zaidi ya 15,000 za matoleo mbalimbali, yaani maumbile yaliyotofautiana kwa mabadiliko maalumu ambayo kiwanda au jeshi liliyapa herufi au namba. Injini yake ya kawaida ni Pratt & Whitney Wasp, yenye silinda tisa zilizopangwa duara na nguvu farasi 600; na kwa kuwa rafadha, yaani propela inayoivuta ndege, imefungwa moja kwa moja kwenye mhimili wa injini bila gia za kupunguza mwendo, ncha zake huukaribia mwendo wa sauti wakati wa kupaa, na hapo ndipo hutoka ule mlio mkali unaoitambulisha ndege kwa wajuzi hata kabla haijaonekana.

Msafiri wa simulizi hii, mwalimu wa ufundi wa injini aliyelelewa Nyeri, alikwenda Uingereza kwa ajili ya kuziona ndege za namna hiyo zikiruka. Kuhusu safari ya kutoka Nairobi hadi London hakuna la kueleza, na siku nzima aliyoitumia Duxford, kiwanja cha zamani cha jeshi la anga karibu na Cambridge ambacho leo ni makumbusho, ilipita katika raha ya kutazama tu. Kinachostahili kuandikwa ni alasiri moja katika kiwanja kidogo cha nyasi mashariki ya nchi hiyo, ambako wapenzi wa ndege za kale, wengi wao wazee waliostaafu, walikuwa wameizunguka ndege moja iliyopakwa rangi ya fedha na kuchorwa nyota ya jeshi la Marekani, huku kibao kilichosimamishwa mbele yake kikidai kwamba ni Texan.

Ubishi ulianzia kwenye bomba la moshi. Mzee mmoja mrefu, aliyevaa koti lililojaa beji za vikosi, aliwaonyesha wenzake kwamba bomba lile lilikuwa refu kupita kawaida, likiambaa ubavuni upande wa kulia, na kwa hiyo ndege haikuwa ya Marekani hata kidogo, bali ya Kanada, kwa sababu Wakanada, wanaoruka katika baridi kali, waliurefusha mfumo huo ili joto la moshi lipashe chumba cha rubani. Mwingine akajibu kwamba bomba hufunguliwa na kufungwa jingine, na kwamba ushahidi wa kuaminika ni fremu za kifuniko cha vioo. Kwani ndege za toleo la G, ambazo kiwanda kilianza kuzifanyia ukarabati mkubwa mwaka 1949, zilipewa vioo vyenye fremu chache ili mwalimu anayeketi nyuma aone vizuri, na hii iliyokuwa mbele yao ilikuwa na fremu nyingi za mtindo wa zamani. Wa tatu akaleta habari za umeme, akikumbusha kwamba toleo la C lilitumia volti 12 na la D volti 24. Kisha wakahamia kwenye bodi: Harvard za kwanza kabisa zilikuwa na ubavu wa kitambaa, zilizofuata zikavikwa bati jepesi, na katikati ya vita, kwa hofu kwamba aluminiamu ingeadimika, baadhi ya ndege za toleo la C zikatengenezewa sehemu ya nyuma kwa mbao za tabaka.

Mambo haya yote ni ya kweli, na mwalimu wa ufundi hawezi kuyadharau, kwa kuwa fundi asiyejua tofauti ya volti 12 na volti 24 ataunguza kila kitu. Hata hivyo, kadiri alasiri ilivyosonga ndivyo msafiri alivyozidi kukereka, kwani kwa muda wote huo hakuna aliyeuliza ndege hii iliwahi kumfanyia nani nini. Ilizungumzwa kana kwamba ilizaliwa kiwandani, ikafundisha vijana wenye mashavu mekundu, ikastaafu, na sasa inatiwa rangi mpya kila baada ya miaka kadhaa. Msafiri alipopata nafasi aliuliza, kwa adabu ya mgeni, iwapo ndege za aina hiyo ziliwahi kubeba mabomu ya kweli, na kijana aliyekuwa akilinda kamba ya kuzuia watu akamjibu kwa tabasamu kwamba hapana, hii ilikuwa ndege ya mafunzo tu.

Jibu hilo lilimwuma mtu aliyekulia chini ya milima ya Nyandarua, mahali ambapo wazee wanajua jambo tofauti. Lakini aliyemgeukia kijana yule kumsahihisha hakuwa msafiri, bali ni mzee wa beji, yuleyule aliyewachosha watu kwa bomba la moshi. Alisema kwamba Harvard iliundwa kwa mafunzo ya hatua ya juu, maana yake hatua ambapo mwanafunzi, akishaweza kuruka na kutua, hufundishwa kulenga shabaha, na kwa hiyo ilitengenezwa tangu mwanzo iweze kufungwa bunduki ya rashasha na vibebeo vya mabomu madogo. Kisha akamwuliza msafiri alikotoka, na aliposikia ni Nyeri, akanyamaza kidogo na kutoa daftari mfukoni.

Ndani ya daftari lile mlikuwa na safu za namba, kila namba ikiwa ni ndege moja, zikifuatiwa na kiwanda, tarehe ya kukabidhiwa, vikosi ilivyopitia na mahali ilipoishia. Kwa kutumia kibati cha kiwanda kilichomo ndani ya chumba cha rubani, alichokuwa amekisoma asubuhi kabla watu hawajajaa, alieleza kwamba ndege iliyochorwa nyota ya Marekani ilikuwa Harvard IIB, toleo lililotengenezwa Montreal na kampuni ya Noorduyn, ambayo ilitoa zaidi ya ndege 2,500 za aina hiyo, na kwamba hii hasa iliuzwa Sweden baada ya vita. Dada zake, kama alivyoziita, zilipelekwa Rhodesia ya Kusini kufundishia marubani. Na mwaka 1953, miezi michache baada ya serikali ya kikoloni kutangaza Hali ya Hatari nchini Kenya tarehe 20 Oktoba 1952, baadhi yake zilitolewa huko na kuletwa Thika kuunda kikosi kidogo cha jeshi la anga la Uingereza kilichopewa namba 1340, kisha kikahamia Mweiga, karibu na Nyeri. Kila ndege iliweza kubeba mabomu ya ratili 20, sawa na kilo 9 hivi, pamoja na bunduki ya rashasha, na kazi yake ilikuwa kushambulia misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, iliyokuwa imetangazwa kuwa eneo la marufuku, ambako wapiganaji wa Mau Mau walikuwa na kambi zao. Baadaye mwaka huohuo ziliongezwa ndege kubwa za Lincoln kutoka Eastleigh, Nairobi. Kikosi cha 1340 kilivunjwa mwaka 1955.

Hapo hasira ya msafiri ilipungua, na ni haki kusema kwa nini. Usahihi uliomchosha mchana kutwa ndio uliomwezesha mzee yule kuuvua uongo wa rangi na kibao. Kwani mtu asiyejali tofauti ya IIB na G hana njia ya kujua kwamba ndege za Thika zilikuwa za toleo gani na zilitoka wapi, na asiyejua hayo hubaki na ile kauli tamu ya "mafunzo tu". Maelezo hayohayo ya matoleo hufungua na milango mingine. Toleo la G, lile la fremu chache, ndilo Ufaransa ililolinunua kwa mamia na kulitumia katika vita vya Algeria, na ndilo Ureno ililolirusha kaskazini mwa Msumbiji baada ya vita vya ukombozi kuanza mwaka 1964, wakati ambapo Wamakonde wengi walikuwa wakivuka Mto Ruvuma kukimbilia Tanzania. Serikali ya Kongo nayo ilitumia ndege za ukoo huu mwaka huohuo wa 1964 dhidi ya waasi wa Simba. Sababu ya ndege za mafunzo kuchaguliwa kwa vita vya namna hii si ngumu kuielewa: zilikuwa rahisi kununua na kutunza, zilitua kwenye viwanja vifupi vya udongo, na mwendo wao wa polepole haukuwa kasoro pale ambapo watu wa chini hawakuwa na ndege wala mizinga ya kuzipiga.

Lakini daftari lile, pamoja na ubora wake, lina upande mmoja tu. Msafiri alipouliza ni watu wangapi waliouawa na mabomu ya kikosi cha 1340, na katika mabonde gani, mzee alipekua kurasa kwa uaminifu na kutikisa kichwa, kwa maana mlikuwa na tarehe ya kila injini iliyobadilishwa na hamkuwa na jina hata moja la aliyekuwa chini. Hilo si kosa lake. Yeye aliandika alichoweza kukifikia. Kosa ni la wanaosimamisha vibao mbele ya ndege hizi na kuuacha upande wa vita vya makoloni, ilhali habari zake zinajulikana na wanachama wao wenyewe.

Kazi ya upande wa pili inawahusu wasomaji wa Nyeri, Murang'a, Nyandarua, Kirinyaga na Meru. Aliyekuwa na umri wa miaka kumi mwaka 1953 sasa amepita themanini. Kila mwenye mzazi au babu wa umri huo na amwulize, akiwa bado anaweza kusimulia, ni ndege za namna gani alizoziona juu ya msitu, zilikuwa na rangi gani, zilidondosha nini, wapi, na nani hakurudi. Kisha ayaandike majibu hayo pamoja na majina na mahali.