Kopo la viungo na mapumziko ya Ijumaa

Farasi wa Uingereza akianza kukakamaa miguu asubuhi, mara nyingi mwenye farasi hufika dukani kabla ya kumpigia daktari simu. Mimi hufanya kazi kwenye mazizi ya farasi huko Devon, na makopo ya virutubisho vya viungo yamejaa stoo yetu pembeni ya nyasi kavu na mifagio. Kopo la mwezi mmoja ni pauni 30, mengine hata zaidi, na kuna farasi wanaolishwa hicho kitu mwaka mzima bila mtu kuuliza kama kinafanya kazi.

Ndani yake kuna nini? Kwa kawaida kuna glukosamini, inayotengenezwa kutokana na maganda ya kamba na kaa. Kondroitini, itokayo kwenye gegedu la ng'ombe au papa. Na MSM, kemikali yenye salfa. Wengine huongeza manjano, mafuta ya samaki au unga wa kome wa New Zealand. Hoja ya wauzaji ni rahisi kuingia akilini: gegedu linalika, basi mlishe mnyama vile vinavyojenga gegedu. Kazi ni kuvifikisha gotini. Vipimo vya farasi vimeonyesha kwamba chini ya asilimia 10 ya glukosamini anayokula ndiyo inayofika kwenye damu. Mwaka 2014 watafiti wa Uholanzi walichapisha jaribio la farasi wazee 24 wenye mwendo mgumu. Baada ya miezi 3, waliokula kirutubisho hawakutembea vizuri kuliko waliopewa chakula kisichokuwa nacho.

Isitoshe, yaliyoandikwa kwenye lebo si lazima yawemo ndani. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 ulipima glukosamini katika bidhaa 23 za farasi, na 9 zilikuwa na kiasi pungufu ya kilichotangazwa. Sababu ni kwamba sheria inazihesabu bidhaa hizi kuwa chakula, si dawa. Mtengenezaji halazimiki kuthibitisha kwamba zinaponya, na pia haruhusiwi kudai hivyo. Ndiyo maana makopo yote huzungumza kwa tahadhari: hili "husaidia", lile "hudumisha".

Anayeng'ang'ania kununua, angalau anunue kwa akili. Asome miligramu za kila siku, asidanganywe na ukubwa wa kopo. Kiasi kinachotumika sana kwa farasi wa kilo 500 ni miligramu 10,000 za glukosamini kwa siku, na kijiko chenye 3,000 ni mapambo tu. Amrekodi farasi kwa video akitembea kwenye sakafu ngumu kabla ya kuanza, amrekodi tena baada ya miezi 2 mahali palepale, na katikati asibadilishe kitu kingine chochote. Asipoona tofauti, aache. Na kama farasi hushindana, aangalie mitishamba iliyomo: kuna mzizi wa jangwa la Kalahari unaotumika sana kupunguza maumivu, lakini kiini chake kimo katika orodha ya vitu vinavyodhibitiwa na FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi.

Daktari wa mifugo akija, yeye haanzi na kopo. Nimemshikia kamba farasi jike mmoja wakati daktari anaukunja mguu wa nyuma na kuushikilia juu kwa kama dakika moja. Alipouachia, nilimkimbiza palepale kwenye njia iliyonyooka. Hatua za kwanza alichechemea wazi, kichwa kikipanda na kushuka, kisha akalegea. Eksirei ikaonyesha baridi yabisi kidogo kwenye kifundo. Maagizo yalikuwa haya: apunguzwe uzito, kwato zitengenezwe kila baada ya wiki 6 hadi 8, atoke zizini kila siku atembee, apashwe mwili polepole kabla ya kupandwa, na siku za maumivu apewe dawa aliyoandikiwa. Mwenye farasi alisikiliza yote kwa heshima, halafu akaniuliza ni kopo gani zuri.

Simlaumu. Kununua ni rahisi kuliko kumnyima chakula mnyama anayekulilia kila ukipita. Lakini hapa farasi wengi wamenenepa kupita kiasi, na kila kilo ya ziada inaangukia kiungo kilekile kinachouma.

Sasa twende Lamu, ambako ami yangu ana punda wa kubeba mchanga na saruji kutoka gatini hadi vichochoroni. Punda huyo naye siku hizi hukakamaa asubuhi. Ami humkanda kwa maji ya moto na mafuta ya simsim, na juzi akaniagiza nimtumie "ile dawa ya magoti ya farasi wa Wazungu". Nikamuuliza punda anabeba vipi. Akanijibu: "Anabeba kama kawaida, mwanangu, akishapata moto hachechemei."

Tofauti yetu iko hapo. Devon, kuchechemea kidogo kunauza makopo. Lamu, kuchechemea kidogo hakuhesabiwi kuwa ugonjwa. Punda hupumzishwa akishindwa kukanyaga, na kwa kuwa ni mnyama wa kuficha maumivu, akifika hapo ameshateseka muda mrefu. Hata dawa ya maumivu haitolewi kwa kukisia, maana mwili wa punda huiondoa fenilibutazoni, dawa ya kawaida ya farasi, kwa kasi kuliko mwili wa farasi. Ratiba ya farasi haimtoshi punda, na anayejua kuipanga ni daktari.

Kwa daktari wa punda, Devon na Lamu zina ujamaa wa muda mrefu. The Donkey Sanctuary, shirika lililoanzishwa mwaka 1969 na lenye makao karibu na mji wa Sidmouth hapa Devon, lilifungua kliniki Lamu mwaka 1987, na punda wengi wa kisiwani wamepewa dawa ya minyoo hapo bure.

Lakini kitu cha Kiingereza ninachotamani kifike Lamu kinatoka Blackpool, mji wa ufukweni kaskazini, ambako punda hubeba watoto mchangani. Kanuni za mji huo za mwaka 1942 ziliweka kazi yao kati ya saa 4 asubuhi na saa 1 jioni, zikawapa saa nzima ya kupumzika mchana, na siku moja ya mapumziko kila wiki: Ijumaa. Sidhani aliyeziandika alikuwa akiiwazia sala ya Ijumaa, lakini angezungumza na wazee wa Lamu wangeelewana haraka. Hakuna kopo lililowahi kuandikiwa sheria ya namna hiyo.

Kwa hiyo nimemjibu ami kwamba kopo simtumii. Nimemwomba amwite daktari aupime mguu, kwato zikatwe maana zikirefuka huupinda mkao wa mguu, magunia yapunguzwe, punda atembee kidogo bila mzigo kabla ya safari ya kwanza, na Ijumaa asifungwe shogi kabisa. Ami akalalamika kwamba Ijumaa moja ni riziki ya siku nzima, na hilo ni kweli. Tumekubaliana hivi: pauni 30 za kopo, karibu shilingi 5,000 za Kenya, nitazituma kila mwezi kwa M-Pesa zifidie hizo Ijumaa.