Barua kutoka Ughaibuni: Mlango Unaofunguka kwa Nje

Columbus, Ohio

Mdogo wangu mpenzi,

  Juzi kwenye simu uliniuliza swali, nikakuahidi kulijibu kwa kirefu. Umetumikia zimamoto miaka saba, bado koplo, na wenzako wanakwambia kusoma ni kupoteza muda kwa kuwa moto hauzimwi kwa vyeti. Ukauliza, "Dada, huko askari wa zimamoto anapandaje cheo?" Nakujibu hapa gazetini, wasome na wengine wenye swali kama lako.

Unajua nafanya zamu ya jioni katika maktaba ya chuo. Ni chuo cha miaka miwili, cha ada nafuu, kimbilio la watu wenye kazi na watoto. Jumanne nyingi huja baba mmoja wa makamo aliyekula chumvi ya zimamoto miaka kumi na minne. Zamu yake ni saa 24 mfululizo, kisha mapumziko saa 48, na ndani ya mapumziko hayo ndimo anamosomea. Huja macho mekundu, koti likinuka moshi, akakaa meza ileile na kufungua kitabu cha ujenzi wa majengo.

Nilimfikishia swali lako. Akasema kuajiriwa sehemu nyingi kunataka cheti cha sekondari na mafunzo ya kikosi, basi. Lakini kuwa luteni au kapteni kuna mtihani wa kushindania nafasi, na idara nyingi huwataka maofisa wawe na masomo ya chuo, au huwapa uzito zaidi waliosoma. Stashahada ni krediti kama 60, shahada 120. Chuo cha Taifa cha Zimamoto, kilichoko Emmitsburg, Maryland, kimesaidia kuandaa mtaala wa mfano ili vyuo vya majimbo mbalimbali vifundishe masomo yanayolingana, mtu akihama asianze upya. Wala si jambo la jana: huko Oklahoma chuo kikuu kilianza kufundisha fani hii tangu 1937.

Nikamuuliza, miaka kumi na minne ya kuzima moto, kuna nini tena cha kufundishwa? Akageuza daftari nione. Alikuwa amechora sebule. Akanieleza kwamba maji yakigeuka mvuke hujaa nafasi mara 1,700 ya ile ya mwanzo, na ndiyo maana ukirusha maji ovyo ndani ya chumba kilichofungwa, mvuke unaweza kukurudia na kukuunguza wewe na mwenzako. Akanieleza pia kuhusu makochi yetu ya sponji. Watafiti walichoma sebule mbili: yenye samani za zamani ilichukua karibu nusu saa kulipuka moto chumba kizima, yenye samani za kisasa haikumaliza dakika tano. "Zamani nilijua kuingia," akasema. "Sasa najua na lini nisiwaingize vijana wangu." Hapo nilikukumbuka wewe, mdogo wangu, nikakaa kimya.

Tulipokuwa tunafunga, saa tatu usiku, alinisimamisha mlangoni. Mlango wetu wa dharura una upao wa chuma uliolala katikati. Ukiuegemea tu, mlango unafunguka kwa nje. Nimeusukuma miaka mingi bila kuujali. Akaniambia upao huo unatokana na msiba. Tarehe 30 Desemba 1903 ukumbi wa maonyesho wa Iroquois, Chicago, uliwaka moto watu wakiwa wamejaa. Milango mingine ilikuwa imefungwa, mingine ina makomeo ambayo watu hawakujua kuyafungua. Walikufa watu 602. Muuza vifaa vya chuma wa Indianapolis, Carl Prinzler, alikuwa na tiketi ya onyesho lile lakini kazi ikamzuia kwenda. Jambo hilo halikumtoka moyoni. Akashirikiana na wenzake, na mwaka 1908 upao huo ukaanza kuuzwa.

Nilirudi nyumbani nikiwawaza watoto wa shule ya Kyanguli, Machakos, Kenya. Machi 2001 bweni lao liliwaka usiku. Mlango mmoja umefungwa, madirisha yana nondo. Wavulana 67 hawakutoka. Gari la zimamoto hata lingewahi vipi, lingekuta kufuli. Kufuli lile lilitakiwa kuondolewa mchana, na mtu mwenye elimu ya kulitambua, na cheo cha kumwamuru mwenye jengo alifungue.

Basi jibu langu ni hili. Wenzako wana haki wakisema moto hauzimwi kwa vyeti. Lakini koplo akiona kufuli hunung'unika. Ofisa aliyesoma huliandikia ripoti, hutaja kifungu cha sheria, na mkuu wa shule hulifungua. Soma kwa ajili hiyo. Mshahara utapanda, na ni halali yako, ila kupanda kwako cheo kuwe ni kupata sauti. Na wakubwa wa zimamoto wakisoma barua hii, nawaomba wawapangie vijana zamu zitakazowaachia nafasi ya darasani. Huyu baba wa maktabani asingefika popote bila zile saa 48.

Ada ya muhula wa kwanza nitachangia, tuzungumze.

Wakati ukisubiri chuo, Jumapili ukienda kwa mama utazame dirisha la chumba anacholala. Lina nondo, na ufunguo wa mlango wa nyuma anauweka kabatini, ndani ya kopo la chai. Mwite fundi wa kuchomelea, akate nondo za dirisha moja, azitie bawaba na komeo la ndani ambalo mkono wa mama unaliweza. Kisha mzime taa, mama afungue mwenyewe gizani, mara tatu.

Nipigie akishaweza.

Dada yako.