Salem, Bandari ya Merikani

Kile kitambaa kigumu cha pamba kisichotiwa rangi, ambacho wazee wa pwani na wa bara walikiita merikani, kilipata jina hilo kwa kuwa kililetwa na merikebu za Marekani. Nyingi za merikebu hizo zilitweka matanga katika mji mdogo wa Salem, jimbo la Massachusetts, kaskazini ya Boston.

Kabla ya kuja Waingereza mahali hapo paliitwa Naumkeag, na wenyeji wake walivua samaki na kulima mahindi. Kati ya mwaka 1616 na 1619 maradhi yaliyoletwa na wageni kutoka Ulaya yaliwafisha wengi mno, hata mashamba yakakosa wa kuyalima. Basi Roger Conant na wenzake wachache walipohamia hapo mwaka 1626, baada ya uvuvi wao kushindwa huko Cape Ann, walikuta nchi iliyokwisha kufyekwa na watu ambao wengi wao walikuwa kaburini. Mwaka 1629 mji ukaitwa Salem, neno la Kiebrania lenye maana ya amani, nalo ni ndugu wa salama ya Kiswahili. Amani yenyewe ilikuwa haba: mwaka 1692 watu 19 walinyongwa kwa kushtakiwa uchawi, na mzee mmoja aliuawa kwa kulundikiwa mawe kifuani.

Udongo wa nchi ile una mawe mengi, kwa hiyo watu walitafuta riziki baharini. Walivua samaki, wakawatia chumvi na kuwakausha kama ng'onda. Walio wazuri waliuzwa Hispania, na walio wabovu walipelekwa visiwa vya West Indies kuwalisha watumwa. Marekani ilipopata uhuru, bandari nyingi za Waingereza zilifungwa mbele ya merikebu zake, na ndipo manahodha wa Salem walipokwenda mbali zaidi. Grand Turk, merikebu ya tajiri Elias Hasket Derby, ilifika Uchina mwaka 1786, na wengine walileta pilipili kutoka Sumatra. Mwaka 1799 walianzisha chama ambacho mtu hakukubaliwa ila awe amekwisha kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema au Rasi ya Horn. Vitu walivyokusanya katika safari zao vingali katika jumba la makumbusho la mji huo.

Mwaka 1833 Seyyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem, alifika Unguja kuwa balozi mdogo. Yeye alikuwa mfanya biashara vile vile, na kazi hizo mbili hakuzitenga sana. Kwa dini yake aliuchukia utumwa; lakini pembe za ndovu alizonunua zilikuwa zimefika pwani mabegani mwa wapagazi, na miongoni mwao walikuwamo watumwa. Pamba ya merikani nayo ililimwa na watumwa wa majimbo ya kusini ya Marekani.

Pamoja na pembe merikebu zilichukua sandarusi, iliyochimbwa ardhini huku bara na kuoshwa Salem ili itengenezwe vanishi. Merikani ikawa kama fedha: misafara ililipia chakula na hongo kwa mikono na doti zake.

Lakini bandari ya Salem ilikuwa na maji machache. Merikebu zilipozidi ukubwa zilikwenda Boston na New York. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865 vilipokata pamba ya kusini, nguo za Uingereza na Bara Hindi zilishika nafasi ya merikani sokoni, ingawa jina halikufa. Salem ikawa mji wa viwanda, wakaja Waailandi, Wafaransa wa Kanada na Wapolandi kutafuta kazi. Tarehe 25 Juni, 1914, moto ulioanzia katika kiwanda cha ngozi uliteketeza majengo zaidi ya 1,300.

Gati la Derby, lenye urefu wa karibu nusu maili, liliponea, na tangu mwaka 1938 linatunzwa na serikali. Maghala yaliyolijaa zamani hayapo tena. Mwishoni pake pamesimama mnara mdogo wa taa uliojengwa mwaka 1871.