Mahali Pakavu Chini ya Saa



Marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alituachia saa ya mkono ya kutiwa ufunguo kila asubuhi. Saa yenyewe ilikuwa nzima, bali mkanda wake wa ngozi ulikuwa umekwisha. Joto la pwani yetu, jasho, na maji ya udhu mara tano kwa siku havina huruma na ngozi: kwanza hukakamaa, kisha hupasuka, kisha huanza kunuka. Tukabadilisha mikanda mitatu katika miaka michache. Ule wa tatu, fundi saa wetu wa Mji wa Kale alipoukata, alituonyesha bitana yake ya ndani, yenye vitundu vidogo vilivyokaa vitatu vitatu.

"Maalim," akatwambia, "hii yafanana na ngozi ya nguruwe. Siapi, lakini najua wewe hutaitaka."

Kweli hatukuitaka. Katika madhehebu yetu ya Shafii, ngozi ya mnyama aliyekufa hutwahirika kwa kudabighiwa, isipokuwa ya mbwa na ya nguruwe. Mkanda ule ulikuwa umeandikwa kuwa ni wa ngozi halisi. Ngozi ya mnyama gani, haikuandikwa. Hukumu haijengwi juu ya shaka, lakini mja hujichungia dini yake, na palipo na njia ya wasaa hana haja ya kujibana.

Njia ile fundi alikuwa nayo katika sanduku lake: mkanda wa nailoni iliyofumwa. Tuliuuliza asili yake, kwa kuwa ulikuwa laini na wenye kung'aa kama hariri, na hariri, kama mjuavyo, imeharamishwa kwa wanaume wa umma huu. Nailoni haina uhusiano na nondo wa hariri. Ilibuniwa Marekani mwaka 1935 na mwanakemia Wallace Carothers wa kampuni ya DuPont. Ikauzwa kwanza kama nywele za mswaki mwaka 1938, kisha ikawa soksi ndefu za wanawake. Mkanda wa saa wa namna hii ulipata sifa kupitia jeshi la Uingereza, lililouwekea vipimo vyake rasmi mwaka 1973. Ni kipande kimoja kirefu kipitacho nyuma ya saa, chini ya pini zote mbili. Pini moja ikikatika, saa hubaki ikining'inia kwa ya pili, haianguki.

Akina mama na akina baba wanaotaka kuununua, na wapime kwanza nafasi iliyo baina ya masikio ya saa, pale mkanda unapoingia. Saa nyingi za wanaume huwa na milimita 18, 20 au 22. Za wanawake huwa nyembamba zaidi. Mkanda mpana kuliko nafasi yake hujikunja, na mwembamba huteleza huku na huku. Tazameni mfumo wake: uwe umeshikana, usiwe na nyuzi zinazochomoza. Matundu yake na ncha yake viwe vimefungwa kwa moto, kwa sababu nailoni huyeyuka na kushikana, na ncha isiyochomwa hufumuka mapema. Bizimu yake ya chuma cha pua hustahimili maji na chumvi. Mama anayenyonyesha ataona faida nyingine: mkanda wa kitambaa haumkwaruzi mtoto wala hauvuti uzi wa buibui kama ufanyavyo ule wa chuma.

Sisi tulichagua wa rangi ya kijivu, tukaupenda. Na hapo ndipo tulipokosea.

Tulijiambia kwamba kitambaa kilichofumwa hupitisha maji, basi hapana haja ya kuvua saa wakati wa udhu. Tukawa twaupandisha mkono chini ya maji, mkanda walowa, nasi twaendelea. Miezi ilipita hivyo.

Siku moja mifereji ilikuwa imekauka, kama ilivyo desturi yake mjini kwetu, na binti yetu wa miaka kumi na miwili akawa anatumiminia maji kwa birika. Akasita, birika mkononi.

"Baba," akasema kwa adabu, "na hapo chini ya saa pamelowa?"

Tukataka kumjibu kwamba nailoni hupitisha maji. Lakini mtoto aliuliza swali ambalo sisi wenyewe tulimfundisha kuliuliza, tulipomsomesha Safina barazani: isiwe juu ya kiungo kitu kinachozuia maji kufika. Tukafungua bizimu. Nyuma ya saa, pale mkanda unapopita na chuma kuulalia, ngozi ilikuwa kavu kabisa, pana kuliko ukucha. Na hadithi ya mtu aliyeacha pakavu kiasi cha ukucha mguuni mwake, akaamrishwa arudi atawadhe vizuri, tumeisomesha kwa miaka zaidi ya ishirini.

Hatukuwa na la kusema. Tulitawadha upya mbele yake. Usiku tulikwenda kwa sheikh aliyetuzidi ilimu na umri, tukamweleza yote. Hakutulaumu. Alitutaka tuhesabu swala tulizo na yakini nazo, tuzilipe kidogo kidogo. Basi kila baada ya isha tukawa twakaa msalani kwa muda mrefu, hata binti yetu akamwuliza mamake mbona baba anazidisha swala. Mkewe maalim akatutazama, nasi tukaona ni bora ajue. Tukamwambia: "Ni zile ulizotuokolea." Akainama, hakujibu; lakini tangu siku hiyo hasiti kutuuliza jambo, nasi twamshukuru Mola kwa hilo kuliko tunavyoishukuru saa.

Mkanda wenyewe hauna kosa, na hadi leo tunauvaa. Kosa lilikuwa letu, tuliodhani kwamba kulowa kwa kitambaa ni kuosha ngozi. Kuosha ni maji kutiririka juu ya kiungo, na uzi ulionyonya maji hautoshi. Basi tunawausia: vueni saa kabla ya udhu, muiweke mfukoni au ndani ya kofia. Kwa kufanya hivyo mkanda pia hubaki mkavu, na ngozi husalimika na wekundu na muwasho uletwao na kitambaa kibichi. Mara moja kwa wiki uvueni katika saa, muufue kwa sabuni na maji ya vuguvugu, muuanike kivulini. Ukiingiwa na najisi, usifutwe tu, bali utwahirishwe kama nguo nyingine, maana kilichofumwa hunywa.

Na watoto wenu wanapowauliza, enyi wazazi, fungueni bizimu kwanza, kisha ndipo mjibu.

Wabillahi tawfiq.