Mjomba na RAID

Mjomba anapiga video za harusi na misiba ya watu wetu hapa Haltom City. Majuzi alitaka kuunganisha diski kazini akaniuliza: RAID ipi? Unajua tena, ukisoma kompyuta umekuwa fundi wa ukoo mzima.

Nikamweleza. RAID 0 ina kasi, lakini diski moja ikifa umepoteza vyote. RAID 1 huandika kitu kilekile kwenye diski mbili. RAID 5 inataka angalau diski tatu, huvumilia kufa kwa moja. RAID 6 inataka nne, huvumilia mbili. RAID 10 inafaa hifadhidata inayoandikwa kutwa. Video zake zikishaingia zinakaa tu, kwa hiyo RAID 1 inamtosha.

"Basi bakapu ndiyo hiyo?"

Hapana, Mjomba. Ukifuta faili, inafutika kote kuwili. Mwizi akibeba boksi, kabeba zote. Nakala nyingine ikae Houston kwa dada.

Mle ndani kuna bibi akituombea dua, kwa Kiswahili ambacho wengi wetu hatukiwezi. Bibi hayupo tena, na hatuna rekodi nyingine.

Kwenu video za wazee anazo nani? Muulize wiki hii.